Mshahara wa Dirham, Matumizi ya Dirham: Hesabu za Anayehamia Dubai Kikazi

Mtu anayepokea barua ya ajira kutoka Dubai huanza kwa hesabu moja. Huchukua mshahara ulioandikwa kwa dirham, huuzidisha kwa kiwango cha kubadilishia fedha cha siku hiyo, kisha huitazama jumla ya shilingi iliyopatikana. Kwa mshahara wa dirham 6,000, na tukichukua kwa mfano kwamba dirham moja ni shilingi 700, jumla ni shilingi 4,200,000 kwa mwezi. Hesabu hiyo haina kosa, ila haimsaidii msomaji kuamua lolote. Mshahara huo utapokewa kwa dirham na sehemu yake kubwa itatumika kwa dirham, katika mji ambao kodi ya nyumba, umeme wa kiyoyozi na ada ya shule havifuati bei za Dar es Salaam wala za Mwanza. Kinachostahili kugeuzwa kuwa shilingi ni kile kitakachobaki.

Wengi wetu tunaufahamu mji wa Dubai kwa njia ya biashara. Mfanyabiashara wa Kariakoo huenda kufunga mzigo, hulala hoteli ya Deira siku tano au sita, hurudi na simulizi za bei nafuu za nguo, simu na vipuri. Simulizi hizo ni za kweli, lakini ni za mnunuzi mpita njia. Anayekwenda kuishi hukutana na bei nyingine ambazo mgeni wa wiki moja hazioni: amana, udalali, ada ya manispaa, bima ya mke na watoto. Makala haya yanazieleza bei hizo kwa kadiri zinavyomhusu mfanyakazi anayehamia Dubai kwa mkataba. Viwango vya ada vinavyotajwa ni vile vilivyowekwa na sheria au mamlaka za huko. Mishahara, kodi za nyumba na viwango vya kubadilishia fedha ni mifano tu ya kufanyia hesabu, na msomaji aweke mahali pake takwimu za barua yake mwenyewe.

Barua ya ajira isomwe kabla ya kukata tiketi

Jambo la kwanza kulitafuta katika barua ni mgawanyo wa mshahara. Waajiri wengi wa huko huugawa katika sehemu mbili au tatu: mshahara wa msingi, posho ya nyumba na posho ya usafiri. Mfanyakazi mgeni hutazama jumla na kuridhika. Hata hivyo, haki nyingi za mfanyakazi hukokotolewa kwa mshahara wa msingi peke yake. Sheria ya kazi ya Umoja wa Falme za Kiarabu, iliyoanza kutumika tarehe 2 Februari 2022, inampa mfanyakazi aliyetimiza mwaka mmoja kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na wa siku 30 kwa kila mwaka unaozidi hapo. Malipo ya saa za ziada nayo huanza na mshahara wa msingi, ukiongezewa asilimia 25, au asilimia 50 kwa kazi ya usiku kati ya saa nne na saa kumi alfajiri.

Tuchukue watu wawili wanaolipwa dirham 6,000 kila mmoja. Wa kwanza ameandikiwa mshahara wa msingi wa 3,000, wa pili 4,500. Siku moja ya msingi kwa wa kwanza ni dirham 100, hivyo kiinua mgongo chake kwa mwaka ni 2,100. Kwa wa pili siku moja ni dirham 150, na kiinua mgongo ni 3,150. Baada ya miaka mitano tofauti kati yao ni dirham 5,250, ingawa kila mwezi walipokea kiasi kilekile. Kwa kuwa mfanyakazi wa kigeni hachangiwi pensheni ya serikali huko, kiinua mgongo ndicho akiba pekee ambayo sheria inamwekea. Ni jambo la kujadiliana kabla ya kutia saini, kwa sababu baada ya hapo mwajiri hana sababu ya kulibadilisha.

Jambo la pili ni nani anayelipa gharama za kuajiriwa. Sheria hiyohiyo inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumtafuta na kumwajiri, iwe moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka. Wakala anayemdai Mtanzania «fedha ya viza» kwa ajira ya Dubai anadai kitu ambacho, kwa sheria ya nchi anakompeleka, ni mzigo wa mwajiri. Uhalali wa wakala aliye nchini unaweza kuulizwa kwa Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, na ni vyema swali hilo liulizwe kabla ya fedha yoyote kutoka mfukoni. Tunasisitiza hili kwa sababu ya kihesabu kama ilivyo kwa sababu ya kisheria. Mtu anayeondoka na deni la wakala huanza maisha mapya akiwa na rejesho la kila mwezi nyumbani, na miezi ya mwanzo ndiyo isiyokuwa na nafasi ya rejesho lolote.

Njia ya mkato inayopendekezwa na baadhi ya mawakala, ya kusafiri kwa viza ya matembezi na «kubadilisha ukifika», ina gharama yake. Kufanya kazi kwa viza hiyo ni kinyume cha sheria. Aidha, anayekaa baada ya muda wake kuisha hutozwa faini ya dirham 50 kwa kila siku. Mwezi mmoja wa kuchelewa ni dirham 1,500, na mtu asiye na kibali cha kazi hana mshahara halali wa kuilipia.

Wiki za mwanzo

Mfanyakazi akishafika, mambo hufuatana kwa mpangilio usiorukwa. Hupimwa afya, hupigwa alama za vidole, hupewa kitambulisho cha ukaazi. Kwa kitambulisho hicho ndipo benki nyingi humfungulia akaunti kamili. Kwa akaunti ndipo hupata kitabu cha hundi. Na kwa kitabu cha hundi ndipo wenye nyumba wengi hukubali kumpangisha. Mlolongo huu unaweza kuchukua wiki kadhaa, na katika muda wote huo anahitaji mahali pa kulala, chakula na nauli, huku mshahara wa kwanza ukiwa haujaingia.

Kwa hiyo swali la kumwuliza mwajiri kwa maandishi ni hili: je, kampuni inatoa malazi ya muda, na kwa siku ngapi? Baadhi ya kampuni hutoa mwezi mmoja. Nyingine hutoa posho ya nyumba ya miezi mitatu kwa mkupuo ili mfanyakazi aweze kulipia nyumba. Isipoandikwa haipo. Anayejitegemea ajiandae kuishi miezi miwili kwa fedha aliyokwenda nayo. Wafanyakazi wa majumbani wako katika sheria yao maalumu ya mwaka 2022, ambayo inamwajibisha mwajiri kuwapa malazi na chakula, hivyo sehemu ya nyumba inayofuata haiwahusu.

Nyumba

Hapa ndipo bajeti nyingi zinapovunjika, na sababu si ukubwa wa kodi tu. Kodi ya nyumba Dubai huhesabiwa kwa mwaka. Mpangaji huandika hundi za tarehe za mbele, mara nyingi moja, mbili, nne au zaidi, ambazo mwenye nyumba huzishika zote siku ya kukabidhi funguo na kuzipeleka benki tarehe zinapofika. Hundi zikiwa chache, kodi hupungua; zikiwa nyingi, mwenye nyumba hupandisha bei kidogo au hukataa. Mtanzania aliyezoea kulipa miezi sita mbele ataiona sura ya jambo hili, ila huko ahadi yake tayari imewekwa katika chombo cha benki.

Tuchukue nyumba ya chumba kimoja na sebule ya dirham 60,000 kwa mwaka, kwa hundi nne. Siku ya kuingia mpangaji atatoa hundi ya kwanza ya dirham 15,000. Ataweka amana kwa mwenye nyumba, ambayo kwa desturi ni asilimia 5 ya kodi ya mwaka kwa nyumba isiyo na samani: dirham 3,000. Kwa nyumba yenye samani amana hufika asilimia 10. Dalali huchukua asilimia 5, yaani 3,000 nyingine, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, iliyoanza nchini humo tarehe 1 Januari 2018: dirham 150. Shirika la umeme na maji, DEWA, hutaka amana ya dirham 2,000 kwa nyumba ya ghorofani na 4,000 kwa nyumba inayojitegemea. Kuuandikisha mkataba katika daftari la serikali linaloitwa Ejari ni takribani dirham 220. Jumla ni dirham 23,370, bado kitanda, jiko na jokofu, kwa maana nyumba isiyo na samani mara nyingi haina hata hilo jiko. Kwa mshahara wa 6,000 hiyo ni karibu mishahara minne, na kwa kiwango chetu cha mfano ni zaidi ya shilingi milioni 16, kabla ya kulala usiku wa kwanza.

Amana mbili kati ya hizo hurudishwa, udalali haurudi. Mpangaji apige picha za kuta, sakafu na mabomba siku ya kuingia na kuzituma kwa mwenye nyumba au mwakilishi wake, ili siku ya kutoka pasiwepo ubishi kuhusu nani alichubua rangi.

Baada ya kuingia huja bili. Bili ya DEWA huonekana kuwa ya umeme na maji, lakini ndani yake imo ada ya nyumba ya manispaa: asilimia 5 ya kodi ya mwaka, ikigawanywa kwa miezi 12. Kwa nyumba ya dirham 60,000 ni dirham 250 kila mwezi, na hulipwa hata na aliyesafiri mwezi mzima na kuzima taa zote. Umeme wenyewe hutozwa kwa ngazi, kuanzia fils 23 kwa uniti kwa matumizi ya chini, dirham moja ikiwa na fils 100, pamoja na nyongeza ya gharama ya mafuta. Miezi ya Desemba na Januari bili huwa ndogo na kumpumbaza mgeni. Julai na Agosti, joto likipita nyuzi 40, kiyoyozi hakizimwi, na bili hupanda sana.

Kuhusu kiyoyozi liko swali moja la kuuliza kabla ya kuandika hundi: ubaridi unalipiwa na nani? Katika baadhi ya majengo mwenye nyumba hulipa. Katika mengine kiyoyozi kimeungwa kwenye umeme wa mpangaji. Katika majengo mengi mapya ubaridi huletwa kwa maji yaliyopozwa kutoka mtambo wa mtaa mzima, chini ya kampuni tofauti yenye amana yake, bili yake na tozo ya kudumu ambayo haitegemei matumizi. Nyumba mbili zenye kodi sawa zinaweza kutofautiana kwa maelfu ya dirham kwa mwaka kwa jambo hili moja, nalo halionekani kwenye tangazo.

Mwaka wa pili una kanuni zake. Mwenye nyumba anayetaka kubadilisha kodi au sharti jingine la mkataba anapaswa kumjulisha mpangaji siku 90 kabla ya mkataba kuisha, isipokuwa kama wamekubaliana vingine. Nyongeza nayo ina mipaka, iliyowekwa na amri ya mwaka 2013. Ikiwa kodi ya sasa haijapungua wastani wa nyumba zinazofanana kwa zaidi ya asilimia 10, hapana nyongeza. Pengo likiwa kati ya asilimia 11 na 20, nyongeza haizidi asilimia 5. Likiwa kubwa zaidi, mpaka hupanda kwa ngazi hadi asilimia 20. Wastani huo hutolewa na Idara ya Ardhi ya Dubai, na mpangaji anaweza kuutafuta mwenyewe mtandaoni. Wageni wengi hulipa nyongeza isiyo halali kwa kutojua tu kwamba kipimo hicho kipo. Anayetaka kupinga huenda kituo cha migogoro ya upangaji, na ada ya kufungua shauri ni asilimia 3.5 ya kodi ya mwaka, isiyopungua dirham 500. Mkataba usioandikishwa Ejari hauna nguvu huko.

Ushauri wetu kwa aliye katika kipindi cha majaribio, ambacho sheria inakiruhusu kufika miezi sita, ni kutofunga mkataba wa nyumba wa mwaka ikiwa anaweza kuliepuka hilo. Sheria ya upangaji haimpi mpangaji haki ya kujitoa katikati ya mwaka kwa sababu amepoteza kazi. Kama mkataba una kifungu cha kujitoa, mara nyingi hudai kodi ya miezi miwili kuwa fidia. Kama hauna, hundi zilizobaki zinaendelea kuwa za mwenye nyumba. Tangu Januari 2022 hundi iliyokosa fedha, kwa sehemu kubwa ya mashauri, haimpeleki mtu jela kama zamani. Mwenye hundi hata hivyo anaweza kwenda moja kwa moja kwenye utekelezaji bila kesi ndefu, akaunti ikazuiwa, na mdaiwa akawekewa katazo la kusafiri.

Chumba cha kuchangia, na kitanda

Kwa sababu hizo wengi wanaokwenda peke yao hukodi chumba ndani ya nyumba ya mwingine, au kitanda ndani ya chumba, katika mitaa kama Deira, Satwa, Karama na International City. Ni chaguo la busara kwa mwaka wa kwanza, nasi hatulionei haya kulipendekeza, kwa masharti mawili. La kwanza, anayekodisha awe na haki ya kufanya hivyo. Mpangaji mkuu asiye na idhini ya mwenye nyumba anaweza kufukuzwa, na wote waliomlipa wakafukuzwa pamoja naye. La pili, jina la kila mkaaji liandikishwe. Tangu Septemba 2022 Dubai inataka wanaoishi pamoja waorodheshwe kwenye programu ya Idara ya Ardhi. Anayekwambia usijiandikishe anaficha idadi ya watu waliomo, na nyumba iliyojaa kupita kiasi au kugawanywa kwa mbao bila kibali ndiyo inayotembelewa na wakaguzi.

Wengine huvuka na kuishi Sharjah, emireti jirani, ambako kodi ni ndogo. Tofauti hiyo ni ya kweli. Ila reli ya Dubai haifiki Sharjah, na msongamano wa barabara kati ya miji hiyo miwili asubuhi na jioni unajulikana na kila mkaaji. Apangaye huko ahesabu saa pia, na sio dirham peke yake.

Sasa tuhitimishe hesabu ya mtu mmoja mwenye mshahara wa 6,000. Chumba cha kuchangia tukadirie 2,000, umeme, maji na intaneti 250, chakula anachojipikia 1,000, simu 150. Kwa metro, safari inayopita kanda zaidi ya mbili kwa kadi ya kawaida ya Nol ni dirham 7.50, hivyo kwenda na kurudi siku 26 ni dirham 390. Jumla ni 3,790. Kinachobaki ni 2,210, yaani shilingi 1,547,000 kwa kiwango chetu. Hiyo ndiyo takwimu ya kulinganisha na maisha ya nyumbani, si ile ya milioni nne na laki mbili.

Anayetaka kuhamia na familia

Swali hili huulizwa kwa namna moja: je, mshahara wangu unaniruhusu kumleta mke na watoto? Jibu la sheria ni fupi. Mkaazi anaweza kuwadhamini mke na watoto ikiwa mshahara wake ni dirham 4,000, au 3,000 pamoja na malazi ya mwajiri. Mwenye 6,000 anaruhusiwa.

Lakini kuruhusiwa na kuweza ni mambo mawili tofauti. Nyumba ya dirham 60,000 kwa mwaka ni 5,000 kwa mwezi; ongeza 250 za ada ya manispaa. Kati ya 6,000 zimebaki 750, na bado familia haijala. Kiwango cha sheria ni mlango wa uhamiaji tu. Hakikuwekwa kuwa kipimo cha maisha, na mtu asikichukue hivyo.

Baada ya nyumba huja mambo mawili mazito. La kwanza ni afya. Dubai inamtaka kila mkaazi awe na bima chini ya sheria ya mwaka 2013. Mwajiri analazimika kumkatia mfanyakazi. Bima ya mke na watoto ni wajibu wa anayewadhamini, isipokuwa mkataba wa kazi uwe umesema vinginevyo. La pili ni shule. Watoto wa wageni kwa kawaida husoma shule binafsi. Ada zinaanzia dirham elfu chache kwa mwaka katika baadhi ya shule za mtaala wa India na Pakistani, na kupita 60,000 katika shule nyingi za mtaala wa Uingereza kwa madarasa ya juu. Mamlaka ya elimu ya Dubai, KHDA, huchapisha ada ya kila shule binafsi kwa kila darasa, na mzazi anaweza kuisoma akiwa Tanga au Arusha. Asisahau kuongeza sare, vitabu na basi la shule. Katika mji wenye joto hilo, basi si anasa.

Familia nyingi huamua kwamba mmoja atangulie mwaka mmoja. Ni uamuzi mgumu kwa wenye watoto wadogo, na kijitabu hiki hakiwezi kuwaamulia. Kinachowezekana ni kuzitafuta takwimu hizi tatu, yaani nyumba, bima na ada ya shule, kabla ya kukubali kazi. Mwajiri anayemhitaji mtu hasa huweza kukubali kuchangia ada au bima ya familia wakati wa majadiliano, na ni nadra kukubali baadaye.

Mambo madogo

Chakula hakitishi kwa anayepika. Mchele, dengu, kuku na mboga hupatikana kwa bei ya kuvumilika, na soko la samaki la Deira lina samaki ambao mtu wa pwani atawatambua. Kula nje kila siku ndiko kunakomaliza mshahara. Mwenye gari ajue kwamba bei ya mafuta hutangazwa upya kila mwezi tangu 2015, na kwamba milango ya tozo ya barabarani, Salik, tangu mwisho wa Januari 2025 hutoza dirham 6 saa za msongamano na 4 saa nyingine za mchana na jioni. Iko pia bima ya kupoteza kazi, ya lazima tangu 2023: dirham 5 kwa mwezi kwa mwenye mshahara wa msingi usiozidi 16,000. Asiyejiunga hutozwa faini ya dirham 400. Aliyechangia miezi 12 mfululizo akaachishwa kazi bila kosa lake hulipwa asilimia 60 ya mshahara wa msingi kwa muda usiozidi miezi mitatu, na hapa tena msomaji ataona umuhimu wa neno «msingi».

Kutuma fedha nyumbani

Dirham imefungwa kwa dola ya Marekani tangu 1997, kwa kiwango cha 3.6725 kwa dola moja. Maana yake ni kwamba shilingi ikiyumba dhidi ya dola, imeyumba vivyo hivyo dhidi ya dirham. Katika miezi ya mwisho ya 2024 shilingi ilipata nguvu kwa kasi, na waliokuwa na rejesho la mkopo nyumbani walilihisi. Rejesho la shilingi 700,000 huhitaji dirham 946 ikiwa dirham moja ni shilingi 740. Ikishuka hadi 650, huhitaji dirham 1,077, ilhali mshahara haukubadilika. Mwenye deni la shilingi aache nafasi ya tofauti hiyo.

Gharama ya kutuma ina sehemu mbili, na moja tu ndiyo inayotangazwa. Ya kwanza ni ada. Ya pili ni pengo kati ya kiwango cha soko na kiwango anachopewa mteja. Duka la kwanza linasema halitozi ada yoyote na linatoa shilingi 680 kwa dirham. Duka la pili linatoza dirham 20 na kutoa shilingi 700. Kwa dirham 1,000, la kwanza linafikisha shilingi 680,000. La pili linafikisha 686,000, baada ya kuondoa ada yake. Aliyetuma «bure» amepoteza shilingi 6,000, na kwa mwaka mzima ni 72,000. Swali la kumwuliza mhudumu, basi, ni moja: nikikupa dirham 1,000, mama yangu atapokea shilingi ngapi mkononi? Jibu hilo lilinganishwe kwa maduka mawili au matatu siku moja.

Siku ya kuondoka

Mkataba wa kazi ukiisha, mwajiri anapaswa kumlipa mfanyakazi mishahara na haki zake zote, pamoja na kiinua mgongo, ndani ya siku 14. Pasipoti hukaa mikononi mwa mwenyewe wakati wote, na mwajiri haruhusiwi kuishikilia. Asitie saini karatasi inayosema amepokea kila kitu kabla fedha haijaonekana kwenye akaunti. Mikopo ya benki na kadi ifungwe kwa barua ya uthibitisho, kwa sababu deni lililosahaulika linaweza kukutana na mtu uwanja wa ndege miaka kadhaa baadaye. Bili ya mwisho ya DEWA ilipwe na amana idaiwe, ile ya ubaridi vilevile kama ipo, Ejari ifutwe, na hundi zote ambazo hazijapelekwa benki zirudishwe mkononi kabla ya kukabidhi funguo.